Wasomaji Wanauliza Maneno: "Lithe" ni Mwembamba au Kuna Zaidi?

SWALI: Shikamoo mwalimu wa ukurasa huu. Mimi ni mama wa watoto watatu niko Morogoro, nina swali limetuletea ugomvi nyumbani. Binti yangu wa katikati ana miaka 12, kila Jumamosi anajifunza jimnastiki na dansi, sasa mwisho wa muhula tumeletewa ripoti, mwalimu wao ni mgeni anaandika Kiingereza tu, akaandika kwamba mtoto ni makini na pia ni "lithe". Hiyo ya makini tulielewa. Hiyo nyingine shemeji yangu akaitafuta kwenye simu ikamwambia "mwembamba", basi mama mkwe akawaka, kasema wanatusema kwamba mtoto hali chakula nyumbani kwetu, anataka niende nikamuulize huyo mwalimu. Sijaenda bado. Naomba uniambie neno hilo ni la kusifu au la kusema mtu vibaya, na limetoka wapi? – Mama wa Watatu, Morogoro

JIBU: Marahaba dada yangu, na umefanya vizuri kuuliza kabla hujaenda. Ni sifa, tena sifa nzuri sana, na mwalimu aliyemwandikia hivyo mtoto wa jimnastiki inaonyesha amemwangalia kweli. Mwambie mama mkwe atulie, hakuna aliyesema mtoto hali.

"Lithe" ni mtu au mnyama ambaye mwili wake unakunjika na kukunjuka bila kukakamaa, bila kuonekana anatumia nguvu, halafu ukimtazama unapendeza. Lazima hayo yote yawepo kwa pamoja, maana mtu anaweza kujipinda mpaka kisogo kikagusa kisigino lakini unayemtazama ndo unaumia, huyo hajafikia neno hili. Mtazame paka anavyopita juu ya ukuta uliopandwa vipande vya chupa. Mguu wa mbele unapapasa kutafuta pa kukanyaga, wa nyuma unakuja kukanyaga palepale alipotoa ule wa mbele, mgongo unashuka unapanda, na akifika mwisho wa ukuta anajimwaga chini tu, husikii kishindo. Huo mwendo ndo wenyewe.

Sasa simu ya shemeji haikudanganya moja kwa moja ila imekupa jibu la nusu. Kwenye magazeti ya mitindo ya Kiingereza neno hili linaandikwa sana kwa wacheza dansi na warembo ambao wengi wao ni wembamba, kwa hiyo wembamba umelizoea neno kama jirani anayeshinda kwako kutwa mpaka watu wanadhani ni ndugu yako. Lakini neno lenyewe halipimi kilo. John Milton, mshairi wa Uingereza, katika utenzi wake mrefu wa Adamu na Hawa uliochapishwa 1667, anamweka tembo kwenye bustani anawachezea wale wawili ili wacheke, na tembo mwenyewe anamwita mnyama mzito asiyegeuka kirahisi, ila mkonga wake anaoukunja na kuuviringisha ndo anauita "lithe". Mkonga wa tembo nani atasema mwembamba? Ni mnene kuliko mguu wa mtu, lakini unaweza kuokota karanga moja chini na unaweza kung'oa mti, vyote kwa ulaini uleule. Hapo ndo maana ya neno ilipo.

Kabla ya asili tuseme matamshi, kwa sababu nimesikia watu wazima wanasoma "lithi" na wengine "laiti". Linatamkwa "laidh", na hiyo mwishoni ni dh ya dhahabu, sio th ya thelathini. Sisi tumebahatika hapa, Kiswahili kinaandika sauti hizi mbili mbalimbali, ukiona thamani na dhamana unajua ulimi unafanya nini, ila Kiingereza kinaziandika zote kwa herufi zilezile mbili na kumwachia msomaji ajue mwenyewe.

Haya, asili. Hapa naomba unipe nafasi kidogo maana hili neno nalipenda na historia yake ina mambo.

Kwenye Kiingereza cha kale, kile cha miaka 1,000 na zaidi iliyopita ambacho hata Mwingereza wa leo hakisomi bila kufundishwa, neno hili lilikuwepo tayari ila halikuwa la mwili. Lilikuwa la tabia na la hali ya hewa. Lilimaanisha mpole, mtulivu, laini, asiye na ukali. Walipotafsiri Injili kwa Kiingereza hicho, pale kwenye Mathayo 5:5 ambapo Biblia yetu inasema "Heri wenye upole, maana hao watairithi nchi", neno waliloweka la hao wenye upole ndo hilihili, mababu wa "lithe". Kwa hiyo mama, mtoto angezaliwa zama zile akaandikiwa hivyo kwenye ripoti, ingekuwa wanamsifu kwa moyo wake.

Na upepo pia. Kuna mtawa anaitwa Bede alikuwa anaishi Jarrow, kaskazini mashariki ya Uingereza, mwaka 725 akaandika kitabu cha kuhesabu nyakati, humo akaorodhesha majina ya miezi waliyotumia Waingereza wa zamani kabla hawajashika kalenda ya Kirumi. Mwezi unaolingana na Juni na ule unaolingana na Julai yote miwili iliitwa Litha, ya kwanza na ya pili, na kwa kuwa walihesabu kwa mwandamo wa mwezi ilibidi mara mojamoja waongeze mwezi wa 13, wakauongeza hapohapo, mwaka huo ukaitwa mwaka wa Litha tatu. Bede anaeleza kwamba Litha maana yake ni ya upole au ya kusafirika, kwa sababu miezi hiyo pepo zinakuwa shwari na watu walikuwa wanasafiri kwa mashua juu ya bahari tulivu. Mtu wa pwani hahitaji maelezo zaidi hapa. Sisi wenyewe tunaita majira kwa upepo, kaskazi, kusi, demani, na nahodha anajua ni lini bahari inamkubali na lini inamkataa. Mimi niliposoma hiyo sehemu ya Bede kwa mara ya kwanza nilifunga kitabu nikakaa kwanza, kumbe watu wa baridi kule nao walikuwa wanautazama upepo hivihivi na kuupa jina la tabia ya mtu, wakisema sasa upepo ni mpole.

Ukirudi nyuma zaidi unakuta Wajerumani nao wana ndugu wa neno hili, wao wanasema "lind" au "gelinde" kwa kitu kipole, na "lindern" ni kutuliza maumivu kama dawa ya kuchua inavyofanya. Utauliza mbona la Kijerumani lina n na la Kiingereza halina. Kiingereza kilikuwa na tabia ya kuimeza n ikikaa mbele ya sauti fulani kama th, f na s, na sio kwenye neno hili peke yake. Mdomo Wajerumani wanasema "Mund", Waingereza "mouth". Bata bukini ni "Gans" kwa Kijerumani, kwa Kiingereza "goose". Tano ni "fünf" na "five". Sisi ni "uns" na "us". Ukishaliona hilo mara moja huachi kuliona, na ukijua moja ya lugha hizi nyingine inakuwa rahisi kuliko ulivyodhani.

Warumi nao walikuwa na lao, "lentus", ukoo uleule, wakilitumia kwa kitu kinachopindika bila kuvunjika. Virgil mshairi wao analitumia kwa mti ule wenye matawi membamba yanayoinama mtoni. Lakini kwa Warumi neno likasogea likaenda upande mwingine, kitu kinachovutika na kunata hakina haraka, basi "lentus" likawa pia la polepole, na leo Mwitaliano akisema "lento" anamaanisha taratibu. Walimu wa kwaya wanalijua hilo, liko juu ya karatasi ya nota pale wimbo unapotakiwa uimbwe bila kukimbia. Sasa angalia hapa dada, hili ndo linanifurahisha kuliko yote. Sisi tuna mpole, na tuna upole, na tuna polepole. Upole wa tabia na mwendo usio na haraka tumeviweka kwenye neno moja bila mtu yeyote kutufundisha, na Warumi walipita karibu na njia hiyohiyo kwenye lugha isiyohusiana na yetu kabisa. Mtu anayesema lugha yetu ni masikini wa maneno ya hisia hajakaa akaisikiliza.

Kurudi kwa Waingereza, karibu miaka ya 1300 ndo unaanza kuona neno linatoka kwenye upole na kuingia kwenye kupindika, yaani kitu laini kinachokunjika kirahisi, na baada ya hapo likahamia kwenye viungo vya watu na wanyama, ile ya upole ikafifia mpaka ikapotea. Lakini mimi naona imebaki ndani. Ndo maana huwezi kumwita "lithe" mtu anayejipinda kwa fujo.

Swali lako la mwisho ambalo hukuliuliza ila mama mkwe atauliza, tuseme nini kwa Kiswahili? Kamusi itakupa "nyumbufu", na ni neno sahihi, ila hilo watu wanalitumia kwa waya, plastiki, bajeti na ratiba, sijawahi kusikia bibi anamwambia mjukuu wake u mnyumbufu. Kuna maneno mengine ya kupindika ila yana aibu ndani yake, ukisema mtoto ni mlegevu au mtepetevu umemtukana, umesema hana nguvu na hajitumi. Tofauti iko hapo, mlegevu anakunjika kwa sababu hana kitu ndani cha kumshikilia, mwenye sifa hii anakunjika halafu anarudi. Bibi yangu mzaa mama alikuwa anasuka mikeka, na kabla ya kuanza ukili alikuwa anaulowesha ukindu anaufunga kwenye khanga kuukuu yenye unyevu, mimi mtoto nikawa nauchukua mkavu naukunja unakatika kwenye kona, yeye anautoa wake kwenye khanga anaupindisha mara mbili tatu kati ya vidole, unakunjika unakunjuka na hauachi hata alama. Ukivuta haukatiki, una nguvu zake zote. Ningekuwa na mtu wa kumwonyesha "lithe" bila kutumia mnyama ningemwonyesha ule ukindu.

Kwa hiyo mimi ningeandika "mwepesi wa viungo" au "ana mwili mwepesi na laini", na kwa lugha ya mazungumzo "viungo vyake vinamtii". Msomee mama mkwe hiyo ya mwisho, nadhani ataipenda. Mwalimu naye ukimwona mshukuru.

SWALI: Habari za kazi kaka. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tano mchepuo wa sayansi. Nimeona neno "lithe" nikajiuliza kama linahusiana na lithiamu ya kwenye betri za simu, maana lithiamu nayo ni metali laini unaweza kuikata kwa kisu. Nimewaambia wenzangu zinahusiana wakanibishia. – Mdadisi, Dodoma

JIBU: Salama mdogo wangu. Ulivyounganisha umetumia akili, ulaini kwa ulaini, lakini wenzako wako sahihi. Lithiamu imetoka kwenye neno la Kigiriki "lithos", maana yake jiwe. Aliyeigundua ni Mswidi Johan August Arfwedson mwaka 1817, aliikuta ndani ya madini yanayoitwa petalaiti, na kwa kuwa imetoka kwenye jiwe wakati sodiamu na potasiamu zilikuwa zinapatikana kwenye majivu ya mimea, ikapewa jina la jiwe. Ukoo huo wa jiwe una watu wengi, litografia ni kuchapa kwa jiwe, na zile zama za mawe kwenye historia majina yake ya Kiingereza yana "lith" hiyohiyo katikati.

Kwa hiyo yameandikwa karibu sawa ila moja ni jiwe na jingine ni kile ambacho jiwe haliwezi kabisa kufanya. Na masikioni hayafanani pia, kwenye lithiamu ni th ya thelathini, kwenye "lithe" ni dh. Hilo la kukatwa kwa kisu ni kweli kabisa, endelea kulikumbuka kwa ajili ya mtihani.

SWALI: Mpendwa mwandishi, nafanya kazi ya kutafsiri hadithi, kila nikifika kwenye mtu mwenye mwili mzuri wa kunyumbuka nakutana na maneno mengi, lissom, supple, limber, svelte, nami nayatafsiri yote kwa neno moja. Mhariri ananilalamikia. Nisaidie kuyatenganisha. – Mfasiri, Nairobi

JIBU: Mhariri wako ana haki, lakini na wewe nakuelewa, ni kazi ngumu.

"Lissom" ni "lithe" hilohilo. Lilikuwa "lithesome", likazungushwa mdomoni mpaka ile dh ikamezwa, kama sisi tunavyosema "sa hivi" badala ya sasa hivi na hakuna anayeona ajabu. Linaonekana kwenye maandishi kuanzia mwishoni mwa karne ya 18 hivi, na leo lina harufu ya vitabu, la kishairi kidogo. Ukilitafsiri unaweza kupandisha Kiswahili chako kidogo, "anayenesa" kwa mfano, kama unavyosema tawi linanesa.

"Supple" hilo lina historia inayotia simanzi. Limepitia Kifaransa kutoka Kilatini "supplex", nalo lilikuwa la mtu anayeomba kwa unyenyekevu, aliyepiga magoti. Kuinama mbele ya mkubwa ndo kukawa kupindika kwa kawaida. Leo linatumika kwa ngozi ya viatu iliyotunzwa vizuri, kwa unga uliokandwa ukakandika, kwa maungo pia, ila halidai uzuri wa mwendo kama "lithe". Mgongo wa mzee anayefanya mazoezi kila asubuhi unaweza kuuita hivyo hata akiwa amekaa tu kwenye kiti. "Lithe" lazima aende umwone. "Laini" inatosha sana hapo.

"Limber" ni la mazoezi, viungo vimepashwa moto, vimefunguka, wanariadha wanalitumia sana kabla ya kuanza. Asili yake wataalamu hawajakubaliana, usijisumbue nalo.

Na "svelte" ndo yule mwembamba mwenyewe tuliyekuwa tunamtafuta kwenye barua ya mama wa Morogoro! Limekuja Kiingereza kwa njia ya Kifaransa kutoka Kiitaliano "svelto", kitu kilichong'olewa kikavutwa kikawa kirefu, fikiria mche unaong'olewa kwenye kitalu. Hilo linapima umbo, sio mwendo. Mtu anaweza kuwa "svelte" amesimama kama sanamu dukani. Hapo andika mwembamba wa kupendeza, au kama hadithi inaruhusu sema ana umbo la kunyooka, na usiogope.

Ushauri wangu mmoja tu, kabla hujatafuta neno soma sentensi uone huyo mtu anafanya nini. Kama anaruka ua, acha sifa kabisa, tafsiri kitendo chenyewe vizuri. Mara nyingi Kiswahili kinabeba uzuri huo kwenye kitenzi, akajipenyeza, akachopoka, akajipinda akapita, na ukilazimisha kivumishi juu yake unaiharibu.

SWALI: Braza vipi, mimi naandikia tovuti ya michezo kwa Kiingereza, juzi niliandika golikipa mmoja ni "lithe", bosi wangu akalifuta akasema hilo ni neno la wanawake na paka. Ni kweli? – Mwandishi Mchanga, Mombasa

JIBU: Poa mdogo wangu. Paka ni kweli, wanawake peke yao hapana. Waingereza wanalitumia kwa chui, nyoka, waogeleaji, mabondia wepesi, kwa vijana wa kiume, hata kwa maandishi yasiyo na mafuta ya ziada. Tatizo la bosi wako limeletwa na yaleyale magazeti ya mitindo, limetumika sana upande mmoja mpaka watu wanadhani ndo kwao.

Ila na wewe jiulize huyo golikipa alikuwa wa aina gani. Kuna anayeokoa kwa ukubwa, anatanua mikono anaziba goli kama mlango, huyo ni mzuri lakini neno hili si lake. Kuna mwingine ameshajirusha kulia, mpira unamgonga beki unabadili njia, na yeye akiwa bado hewani anageuza kiuno, mkono wa juu unarudi nyuma unaugusa kwa ncha za vidole, halafu anatua kwa bega anajiviringisha anasimama. Kama uliyemwona ni huyo, mwandikie bosi wako meseji ya heshima, mweleze habari ya mkonga wa tembo, na umwombe alirudishe neno.